Kipimo cha Jana

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa kilabu ya kompyuta walitawanyika kwenye mabomba ya mji wa Rumonge, kila mmoja na kichupa chake cha kupimia maji. Maji yenye dawa ya kutosha yaligeuka waridi ndani ya kichupa. Hamissi alipewa bomba la sokoni, ambako wauza mawese walimtania kwamba chai yake haina majani. Elda, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa fundi wa programu waliyoibuni. Vipimo vikishaingizwa, programu ilituma ujumbe kwenye simu za watu wa mtaa, ikiwaambia maji ya bomba gani ni salama.

Shida ni kwamba kila mmoja aliandika sehemu yake ya programu alivyopenda. Kosa dogo liliweza kuwapotezea wiki nzima. Ndipo Mwalimu Casimir alipowaletea mawakala wawili wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa kazi na kuifanya zenyewe. Wakala wa kwanza angesoma yote waliyoandika, kisha apendekeze kanuni za kuandika programu. Wa pili angekagua kila kazi mpya kama inafuata kanuni hizo.

"Wakala akiwauliza kitu, mumujibu ukweli," mwalimu alionya. "Yeye hajui Rumonge. Ni ninyi munaijua."

Elda alipewa jukumu la kuzungumza na wakala wa kwanza. Punde si punde kanuni kumi na moja zilikuwa tayari, na chini yake palikuwa na swali: "Mahali pengi, kipimo kisipochukuliwa, programu inaweka cha jana. Je, mlikubaliana hivyo, au ni njia ya mkato?"

Elda alilijua jibu. Ilikuwa njia yake ya mkato. Aliiandika siku moja kwa haraka ili programu isikwame, akainakili kila mahali, na wenzake wakamsifu. Sasa aliona aibu kukiri. Akajibu: "Tulikubaliana."

Basi wakala akaongeza kanuni ya kumi na mbili: kipimo kikikosekana, weka cha jana. Siku iliyofuata mwenzao Jamila aliandika sehemu yake ili bomba lisilopimwa litajwe kuwa halijapimwa. Wakala wa pili akaikataa, kwa kuwa ilivunja kanuni. Jamila akaifuta, akafuata kanuni.

Jumatano Hamissi aliamka na homa, akamtumia Elda habari kwamba hataenda sokoni. Elda alipopita karibu na shule ya chekechea, alimkuta Mama Mwavita, mlezi wa watoto, amejaza pipa la maji ya kunywa. Watoto walikuwa wamepanga foleni, vikombe mkononi.

"Amahoro, Mama. Maji umechota wapi?"

"Kwa bomba ya soko, mutoto wangu. Telefone imesema iko muzuri. Tangu mutuletee ile programu, sina woga tena. Murakoze, asante sana."

Elda alikumbuka: Hamissi hakwenda sokoni, basi ujumbe ule ulitoka kwenye kipimo cha jana. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini vikombe vilikuwa tayari vimenyooshwa.

"Mama, usiwape!" alisema. "Leo hakuna mutu amepima. Ile ni ya jana. Ni mimi nilifanya hivyo, tena nikadanganya."

Mama Mwavita akafunika pipa. Elda alikimbia kumwita Mwalimu Casimir, naye akaja na kichupa. Maji yalibaki vilevile, hayakugeuka waridi hata kidogo.

Mchana Elda alisimama mbele ya wenzake na kueleza yote.

"Kumbe mimi niliandika vizuri, nikafuta bure!" Jamila aling'aka.

"Uliandika vizuri. Nisamehe."

Walikaa pamoja mbele ya kompyuta, wakamwambia wakala ukweli. Akawaonyesha mahali tisa pa kurekebisha. Safari hii walisoma kila kanuni kwa sauti, wakabishana, na hawakuipitisha mpaka wote walipokubali. Kanuni ya kumi na mbili ikawa ile ya Jamila.

Kesho yake Hamissi alikuwa bado kitandani. Mama Mwavita akaja darasani, simu mkononi.

"Leo telefone imesema haijui," alisema, akicheka. "Basi nimechemusha maji. Watoto makumi tatu wako wazima. Murakoze, Elda."

"Lakini mimi ndiye nilikosa, Mama."

"Ulikosa, ndiyo. Kisha ukaniambia kabla hawajakunywa. Kwa hiyo nakushukuru."

Elda alitokwa na machozi. Alimshukuru Mama Mwavita, akamshukuru Jamila, akamshukuru na mwalimu, ambaye hakuwa amemfukuza kwenye kilabu.

"Sisi wote tushukuru," Mwalimu Casimir aliwaambia wanafunzi. "Wakala aliuliza swali nzuri, lakini alijibiwa uongo. Na uongo ukishakuwa kanuni, hata mutu mwaminifu anaurudia bila kujua, kama Jamila. Kwa hiyo mutu akikuuliza, hata kama ni mashine, usiogope kusema: hapa nilikosea."