Mvumo wa Rada Juu ya Ziwa la Barafu

Barafu ilipasuka chini ya magurudumu ya mbele, lori likainamisha pua majini kama ng'ombe anayekunywa. Imatsho, dereva, aliruka kutoka upande wake. Nozanin akatokea upande wa pili, akaserereka kwenye barafu ngumu. Alipoinuka alisikia kamba zikikatika. Pipa la dizeli lilibingirika kutoka nyuma ya lori na kumpitia Imatsho mguu wa kulia. Hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akakaa kitako.

Ilikuwa saa tano asubuhi, katikati ya Januari, kwenye uwanda wa juu wa Pamir. Nyuma yao, mwendo wa kilomita ishirini, ilikuwapo kambi ya watengeneza barabara walikokwenda kuchukua mafuta. Mbele, kilomita tisa, kilikuwapo kituo chao: kibanda kimoja, jenereta moja na antena za rada ya kupima upepo wa juu kabisa, kule vimondo vinakoungua na kuacha mistari ambayo upepo huisukuma. Mwenzao wa tatu alikuwa ameteremshwa wiki mbili nyuma, kifua kimembana. Kituoni hapakuwa na mtu. Rada ilikuwa ikifanya kazi peke yake kwa mafuta yaliyobaki kwenye tangi, nayo yangeisha saa kumi alasiri.

Ndiyo maana Nozanin alisema wafupishe njia kwa kukatisha ghuba ya ziwa, juu ya barafu.

Alimshika Imatsho kwapani akamburuta hadi ufukweni. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini haukutoboa ngozi. Buti la mguu mzima lilikuwa limejaa maji. Alilivua, akaukausha mguu kwa skafu yake, akauvika glavu zake mbili, moja juu ya nyingine.

"Na wewe mikono?" Imatsho aliuliza.

"Nitaitia mifukoni."

"Mifuko haikushiki ukianguka, mwanangu."

Upepo ulikuwa umeanza kuinua theluji. Kwanza milima ilipotea, kisha ziwa, kisha lori lenyewe lililokuwa hatua arobaini kutoka pale. Nozanin aliufunga mguu uliovunjika kwa mbao mbili za lori. Kisha akabingirisha mapipa matatu kuwa ukuta, akalitandaza turubai juu yake na kulikandamiza kwa mawe.

"Ami, nitakuvuta juu ya ubao."

"Kilo tisini hizi? Mke wangu mwenyewe ameshindwa kunitoa kitandani miaka ishirini." Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Nenda kituoni. Kuna redio. Kambi ni mbali, huwezi kufika."

"Sioni hata miguu yangu. Nitajuaje njia?"

Nozanin mwenyewe ndiye aliyepata jibu, ndani ya mkoba wake. Kila walipotoka alibeba kipokezi kidogo, kama tofali kwa ukubwa, cha kupimia kama antena zinarusha mawimbi sawasawa. Alichomeka kisikilizio sikioni akawasha. Ndani ya kelele za hewa ulikuwamo mvumo mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa chupani. Rada ilikuwa ikipiga mawimbi yake kuelekea mbinguni, na kidogo yalikuwa yakimwagikia chini.

Alikikumbatia kipokezi kifuani akageuka polepole. Mvumo ukafifia, karibu ukapotea, kisha ukarudi. Akageuka tena. Palepale ukafifia. Mwili wake ulikuwa ukiuzuia. Kituo kilikuwa mgongoni kwake. Akageuka nyuma, akapata pa kuelekea.

Alimwachia Imatsho chupa ya chai ya maziwa na chumvi, na qurut zote, yale maziwa makavu magumu kama kokoto.

"Usile theluji," alimwambia.

"Mimi nimezaliwa huku. Wewe usikae chini. Hata kidogo. Ukichoka, choka ukiwa umesimama."

Alitembea. Kila hatua hamsini alisimama, akazunguka na kipokezi, akasikiliza, akajisahihisha. Theluji ilimfika magotini, mahali pengine kiunoni. Hewa ilikuwa nyembamba. Alivuta mara tatu kwa kila hatua na bado haikumtosha. Vidole viliuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Alivitia kinywani kimoja kimoja mpaka maumivu yakarudi.

Hapakuwa na mbele wala nyuma, wala mstari wa kutenga nchi na mbingu. Kitu pekee duniani kilichokuwa mahali pake ni ule mvumo. Miaka miwili alikuwa ameusikia kama watu wanavyosikia saa ya ukutani. Sasa alijikuta akizungumza nao. Aliuambia habari za mama yake kule Khorog, za nguo aliyoianika na kuisahau, za mtu aliyewahi kumposa akamjibu kwamba ana kazi. Aliposema jina la Imatsho aliongeza mwendo.

Kisha mvumo ukatetemeka, ukashuka, ukakatika.

Alidhani ni betri. Alikitikisa kipokezi, akakipasha joto ndani ya shati. Kelele za hewa zilikuwapo, nyuki hakuwapo. Saa yake ilionyesha saa kumi kasoro dakika nane. Tangi lilikuwa limekauka.

Alisimama. Alitamani kukaa, akakumbuka alivyoambiwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba tangu adhuhuri upepo ulikuwa ukimpiga shavu la kushoto, na barafu ilikuwa imeganda upande huo tu wa uso. Akautegea upepo shavu lile. Ulipohama akahama nao, asijue kama unamdanganya. Alihesabu hatua. Alifika elfu moja na mia saba, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Waya ulimpiga kifuani, akaanguka chali.

Ulikuwa waya wa kushikilia mlingoti wa antena ya mwisho, upande wa mashariki. Hatua thelathini zaidi kulia na angekipita kituo chote akaelekea Uchina. Aliushika kwa mikono miwili isiyohisi kitu, akaufuata hadi mlingotini, na kutoka hapo akaufuata mkongo wa umeme hadi mlangoni.

Ndani, kalamu ya mashine ilikuwa imesimama katikati ya karatasi. Kwa mara ya kwanza hakuisoma. Alibonyeza redio ya betri kwa kiwiko, maana vidole havikukunjuka.

"Kambi, kambi, huku rada."

"Rada, Abdimital hapa. Mbona sauti yako hivyo?"

"Imatsho yuko kwenye ghuba ya ziwa, ufukweni, chini ya turubai. Mguu umevunjika. Lori limezama."

"Tunatoka na trekta la minyororo. Wewe usitoke tena, dada. Tusije tukatafuta wawili."

Aliwasha jiko la samadi, akaketi mbele yake. Lilikuwa joto, na halikumsaidia. Trekta lilifika kesho yake, jua likiwa limepanda, na nyuma yake Imatsho amelazwa ndani ya manyoya ya kondoo, hai, macho yamefumbwa.

Mwezi Machi Nozanin aliteremka Khorog kumtembelea hospitalini. Mguu uliovunjika ulikuwa umepona. Ule mzima, aliouvika glavu, ulikuwa umekatwa juu ya kifundo kwa sababu ya baridi.

"Ami," alisema, "mimi ndiye niliyesema tupite barafuni."

"Na usukani alishika nani?"

Imatsho, ambaye barabarani hakuweza kukaa dakika tano bila mzaha, alikuwa akitazama mlango.

"Upepo ukigonga turubai, nilisema huyo anarudi," alisema mwishowe. "Nilikujibu mara nyingi sana. Sauti ilinikauka. Baadaye nikasikia trekta, nikadhani ni upepo tena, sikujibu. Karibu wanipite."

Muuguzi alichungulia, akasema muda wa wageni umekwisha. Imatsho aliinua mkono kidogo kutoka kwenye blanketi.

"Kaa," alimwambia Nozanin. "Si lazima useme kitu. Kaa tu, nikusikie uko hapo."

Nozanin alivuta kiti karibu na mto wake, akakaa.