Aliyemwitikia Tutik

Wino ulikuwa bado mbichi. Niken aliugusa, ukamshika kidoleni.

Siku hiyo alikuwa amechelewa kuingia Ukumbi wa Tisa, mvua ya Surabaya imemlowesha hadi soksi, na njia nzima alikuwa akijilaumu kwa jambo moja tu: nani atamsainia Tutik? Karatasi ya mahudhurio inapita mara moja, ikishakupita ndiyo basi. Kwa bahati aliikuta bado inazunguka. Akainua kalamu. Lo! Mbele ya jina la Tutik Wigati pameshasainiwa, tena vizuri kuliko yeye anavyoigiza, ile T na mkia wake mrefu kama kaiandika Tutik mwenyewe.

Na Tutik alikuwa kwao Pacitan, safari ya siku nzima kwa basi, akimuuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi.

Hapa niseme kweli, maana watu wa chuo chetu wakisimulia habari hii hujifanya malaika. Kusainiana ni desturi yetu, sote tumefanya. Kanuni inataka vipindi kumi na viwili kati ya kumi na sita, pungufu ya hapo mtihani huuoni, na asiyefanya mtihani hupoteza ufadhili. Ndiyo maana Tutik alipoondoka baada ya kipindi cha tatu, Niken alimwambia, "Nenda kamtazame mama. Huku mimi nipo." Akamsainia mara tano. Mwisho wa kipindi Dokta Wiratmo akiita majina, Niken huinama chini ya meza na kuitika puani, "Nipo!" Darasa la watu tisini, na mzee yule haoni mbali. Nani angejua?

"Gunadi," alimnong'oneza kiongozi wa darasa, "umemsainia Tutik?"

"Mimi? Si kazi yako hiyo?"

"Nimeingia sasa hivi."

"Basi kasaini mwenyewe. Mbona unanikodolea macho? Mimi mwizi?"

Niken hakumwamini. Gunadi alikuwa na tabia ya kupeleka maneno kwa wakubwa, na huu ulinuka mtego. Akasubiri majina. Dokta alipofika kwa Tutik, Niken alifunga mdomo makusudi.

"Nipo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Ilikuwa sauti ya Tutik hasa, na ile lafudhi yake ya Pacitan. Niken aligeuka. Vichwa, mabegi, nguzo ya zamani ya Waholanzi, basi. Watu walipotoka alikwenda kuangalia. Kiti cha nyuma mlangoni kilikuwa kimeloa chepechepe, na pale palinukia udongo uliochimbuliwa punde. Lakini mvua ilinyesha, wote walikuwa wameloa. Angemshtaki nani kwa kiti chenye maji?

Alimpigia Tutik. "Umerudi mjini kimyakimya?"

"Nirudi vipi, shoga, na mama hajaweza kushika kijiko?" Jogoo aliwika nyuma yake. "Kwanza leo kanichekesha. Kaniuliza mimi binti wa nani. Nadhani ni ugonjwa."

"Ni ugonjwa," alisema Niken.

Kipindi cha kumi aliwahi, akakaa safu ya nyuma kabisa ili amkamate huyo mchezaji. Jina likaitwa. "Nipo," ikatoka safu ya mbele. Cha kumi na moja akasimama ukutani, mahali pa kuona ukumbi wote, akakodoa macho mpaka yakatoka machozi, na bado hakuona mdomo uliofunguka. Alianza kumshuku kila mtu. Alimshuku Gunadi, akamshuku Yayuk wa pembeni yake, mpaka Yayuk mwenyewe alipomvuta kando kwenye ngazi.

"Rafiki yako Tutik ana nini siku hizi? Nimekutana naye maliwatoni, hata kunisalimia hakunisalimia. Ananiuliza eti mama yake anaitwa nani."

"Mama wa nani?"

"Wake yeye! Utani gani huo? Nikamwambia, mama yako ni Bi Katmi, wewe si ulituletea peremende zake? Akacheka. Niken, mbona umepauka?"

Niken alikwenda kwa Bi Sumirah, mtunza kumbukumbu wa kitivo, mama mkali ambaye hata wakuu wa idara humwogopa. Akamweleza yote. Bi Sumirah aliweka chini glasi ya chai, akafunga mlango.

"Ukumbi wa Tisa," alisema polepole. "Nyie watoto hamsikii. Enzi za Mjapani, kabla hapajawa chuo, watu wa kazi za shuruti waliitwa majina humo humo. Ukiitika, unapanda lori. Mtoto wa mkubwa mmoja jina lake lilipoitwa, aliitika mtumishi wao. Akaenda, akafa huko kwa jina la mwenzake. Humo ndani mlikuwa na jini, mwanangu. Likaona. Likajifunza kuwa jina unaweza kulichukua kwa kuitika tu."

"Na likishalichukua?"

"Mwaka sabini na nane kijana mmoja alisainiwa na wenzake hadi likamtimizia vipindi kumi na viwili. Aliporudi kwao, mama yake mzazi alisimama mlangoni akamuuliza anamtafuta nani. Tukaleta shehe, akasoma, akala wali wetu, likatulia wiki." Akamtazama. "Huyo wako ana vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Basi kipindi kijacho ndicho. Aliyeitika kwa uongo aseme kwa kinywa chake, mbele ya aliyeita, jina likiwa linaitwa."

"Bi, watanifukuza! Ufadhili wangu utakwenda!"

"Utakwenda. Ulidhani nitakupa hirizi?"

Niken alilia usiku kucha, lakini nisimpambe: hakumlilia Tutik tu, alijililia na yeye. Alitafuta njia ya mkato. Alimpigia Tutik arudi haraka aitike mwenyewe, mambo yaishe bila mtu kukiri chochote. Tutik alikuja siku yenyewe, mwembamba, macho yamemtumbukia, akasema kwao hata jirani wanamwamkia kama mgeni. Langoni mlinzi alimzuia, ikabidi Niken amdhamini.

"Tutik Wigati?" aliita Dokta Wiratmo.

"Nipo," walisema wawili kwa pamoja.

Dokta alisogeza miwani. "Wewe wa mlangoni, binti, kaa chini. Tutik ameshaitika."

"Dokta, ni mimi! Yayuk, si unanijua?"

Yayuk alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Gunadi akauliza, "Wewe nani kwani?" Tutik akamgeukia Niken, akisema waambie, Niken, waambie, na Niken alimtazama usoni akaona uso anaoujua lakini hajui wa nani, akaona ule udongo uliochimbuliwa unanukia sasa ukumbi mzima ingawa nje jua linawaka, akasikia maji yakitona nyuma yake, tone, tone, yakisogea safu kwa safu kuja mbele, na kitu kikimpumulia shingoni pumzi ya baridi kikisema kwa sauti ya Tutik, nyamaza tu, utapoteza kila kitu, na hapo ndipo akasimama kwa nguvu hadi meza ikapinduka.

"Dokta! Mara tano nilimsainia! Mara tano nikaitika mimi, kwa mdomo wangu huu! Tutik ni huyu wa mlangoni!"

Kiti kilianguka nyuma, na hapakuwa na mtu juu yake, ila maji.

"Tutik?" Yayuk alisema, akapiga makofi ya mshangao. "Mungu wangu, umekonda hivyo!"

Tutik alisamehewa kwa sababu ya mama yake. Niken alitolewa darasani hadi baraza la chuo likae, jina lake likibaki kwenye orodha. Hakujuta. Tutik alikwenda kwao siku mbili kabla ya kumwachia jirani mama na kurudi masomoni, na Bi Katmi akamwita mwanawe kwa jina, akamwomba uji; hilo lilimtosha Niken.

Wiki iliyofuata alikwenda kukaa kwenye ngazi nje ya Ukumbi wa Tisa, kumsubiri shoga yake. Dirisha lilikuwa wazi. Dokta aliita majina, moja baada ya jingine, na kwa mazoea likatoka na hili:

"Niken Pramesti?"

Kutoka ndani, "Nipo."

Niken alishika mdomo, akicheka na kulia pamoja. Tutik mjinga huyu! Baada ya yote yaliyotokea, anataka kumlipa wema kwa kosa lile lile! Akitoka nitamfinya, alijiambia.

Viatu vikapanda ngazi kwa haraka. Tutik akatokea, jasho linamtoka, mkononi mfuko wa tofu za kukaanga na pilipili zake.

"Foleni imenichelewesha," alisema akihema. "Dokta ameshaita majina?"