Zamu ya Sayi

Sayi Makoye alishuka Mbeya akiwa na njaa na hasira, na hasira ndiyo iliyoanza kusema. Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika watu mpaka vichochoroni. Alipata nafasi kwenye benchi la mama lishe, akafunga vifungo vya sweta jeusi juu ya gauni lake la bluu, maana baridi ilikuwa inauma, akaagiza ndizi kwa nyama. Kisha akaanza kumsimulia yule mama shida zake kama vile wamekua pamoja. Alikuwa ametoka Iringa, anakofanya utafiti wa mafuriko. Hesabu zake ni kubwa, kompyuta moja haiziwezi; anazituma kwa mtandao huku Mbeya, kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa ambazo vyuo kadhaa vinazitumia kwa zamu. Na zamu yake haifiki. Kuna mtu anayezisimamia, alisema, na mtu huyo lazima anapendelea wenzake; amekuja kumuuliza ana kwa ana.

Kijana mrefu aliyekaa pembeni yake, mwenye jaketi la kijani lililopauka, aliweka kijiko chini.

"Dada, mtu huyo ni mimi," alisema. "Naitwa Anyitike. Kula kwanza, ndizi zikipoa haziliki."

Sayi alitamani benchi limmeze. Lakini Anyitike hakukasirika. Alimweleza taratibu kwamba zamu hapangi yeye, inapanga programu. Kila anayetuma kazi anataja anataka kompyuta ngapi na kwa muda gani. Programu inaangalia nani amesubiri sana na kikundi gani kimetumia nyingi siku za karibuni, ndipo inaamua nani atangulie. Sayi alikuwa anaomba karibu kompyuta zote, tena kwa muda mrefu kuliko anaouhitaji, kwa kuogopa kazi yake isije ikakatwa katikati. Basi inabidi asubiri mpaka zote hizo ziachiwe, na huku kazi ndogo ndogo zinajipenyeza.

"Umeleta ng'ombe wa ukoo mzima kunywa maji kwa mkupuo," alisema, "halafu unamnunia mwenye mbuzi wawili."

"Nani kakwambia kwetu kuna ng'ombe?"

"Jina lako naliona kwenye foleni kila siku. Sayi Makoye, Msukuma wa wapi asiye na ng'ombe?"

Sayi alicheka mpaka mama lishe naye akacheka. Akarudi Iringa na namba ya Anyitike kwenye simu, na kabla hajafika Kihesa anakoishi, simu ilikuwa imeshaita. Ikawa inaita kila jioni. Anyitike alimfundisha kuzigawa kazi zake vipande vifupi, na vipande vikawa vinapita. Wikiendi nyingine Anyitike alikuwa anashuka stendi ya Iringa na lile jaketi lake, mkononi mfuko wa maparachichi, na Sayi anamtania kwamba amekuja na posa ya kijinga. Hata alipokuwa peke yake njiani, alijikuta anatabasamu.

Kisha mvua zikaja, kubwa kuliko kawaida. Wazazi wa Sayi wako bonde la Usangu, kwenye mpunga na mifugo, na alitaka kujua maji yatafika wapi kabla hayajafika. Hesabu hiyo haikugawanyika, kwa sababu mito yote inaingiliana. Akaituma nzima, ikakaa foleni. Akapiga simu.

"Mpenzi, ipitishe mara hii tu. Ni nyumbani kwetu."

"Sayi wangu, siwezi. Nikikupitisha wewe, kesho nitamkatalia nani?" Sauti yake ilikuwa nzito. "Ila wewe ndiye unayefuata. Hakuna aliye mbele yako."

Sayi akafungua foleni kwenye kompyuta yake. Kazi iliyotumwa asubuhi ile ile na Eveline, mfanyakazi mwenzake Anyitike, ilikuwa tayari inaendelea. Hakutazama jina lingine. Alimpigia Anyitike tena, akamuuliza kama Eveline ndiye huyo "hakuna", akakata kabla hajajibiwa. Simu zilizofuata hakuzipokea.

Kesho yake, mapema kuliko alivyotegemea, kazi yake ikaanza. Ilipokwisha alituma ramani nyumbani, na baba yake, mzee Makoye, akaenda nayo kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wakahamishia mifugo kwenye miinuko. Maji yalipokuja yalikuta mazizi matupu.

Alikuwa bado na furaha hiyo Eveline alipompigia kuuliza kama mambo yalikwenda salama. Sayi alimjibu kwa ubaridi. Eveline akaelewa, akamweleza. Kazi yake yeye ilikuwa ndogo; iliingia kwenye kompyuta zilizokaa bure zikimsubiri Sayi, ikatoka kabla hazijahitajika. Haikumchelewesha hata kidogo. Zilizobaki zilikuwa zimeshikwa na kazi moja ndefu, ya Anyitike mwenyewe, ya shahada yake ya uzamili.

"Aliizima," Eveline alisema. "Alisema kazi za watu hana ruhusa kuzigusa, ila ya kwake anayo. Ataanza upya. Kuhitimu mpaka mwakani."

Sayi alikaa kitandani, akalia. Asubuhi akapanda basi la Mbeya.

Alimkuta ndani ya chumba cha kompyuta, kwenye ubaridi na mvumo wa feni, ameuinamia mtambo. Anyitike aligeuka.

"Ndaga fijo," Sayi alisema. Alikuwa amemwomba muuza ndizi stendi amfundishe kushukuru kwa Kinyakyusa. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeona nakudai."

Sayi alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Nilimsimulia baba. Ameuliza huyo aliyezima kazi yake mwenyewe kwa ajili yetu ni nani. Nimemtajia jina lako."

"Akasemaje?"

"Amesema ng'ombe wote wako salama. Uje." Akainamisha uso, akitabasamu. "Na usije peke yako. Uje na wazee wa kwenu."