Vidonge vya Baba

Kila jioni Chiriku alipotoka shule alivua sare, akanawa mikono, akaingia jikoni kuchambua mboga. Walimpa jina hilo nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata sufuria ilipochemka, yeye bado alikuwa anasimulia ya darasani.

Kazi ya mboga aliipenda tangu baba yake alipopimwa damu na kukutwa na mafuta mengi. Baba alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, mtu wa kukaa kitini kutwa nzima. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza mafuta hayo, akamwambia apunguze vya kukaanga na ale mboga kwa wingi.

"Mwalimu anasema mboga zinalinda moyo," Chiriku alimwambia siku moja akimwekea sahani. "Wewe kula hizi tu, baba, utapona kabisa!"

"Sawa, daktari wangu," baba alicheka. Na kweli alikula.

Lakini asubuhi moja Chiriku alipompelekea chai, alimkuta anatumbukiza kidonge kwenye kopo la vifungo. Ndani yake, katikati ya vifungo vyeupe, kulikuwa na vidonge vingine tele.

"Baba! Humezi dawa?"

"Punguza sauti!" Baba alitupa jicho mlangoni. "Nikivimeza miguu inaniuma, hata kukanyaga cherehani ni shida. Tena si wewe mwenyewe uliyesema mboga zinatosha? Hii iwe siri yetu, mwanangu. Mama yako akijua, hapatakalika hapa."

Chiriku aliweka chai mezani, akatoka. Tangu siku hiyo akawa kimya. Mama alimgusa paji la uso. "Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama."

Chakula hakikupita. Kila baba alipopumzika kidogo akishika kifua, moyo wa Chiriku uliruka.

Jumamosi moja, baba akiwa anampima mteja mabega, utepe wa kupimia ulimponyoka mkononi. Jasho lilimtoka chapachapa, akakaa sakafuni huku ameshika kifua. Mteja alikimbilia gari lake. Mama na Chiriku wakampandisha, wakaenda hospitali mbio.

Daktari alimhudumia mpaka maumivu yakatulia, kisha akatazama majibu ya damu na kukunja uso.

"Mmewahi, tushukuru. Lakini mafuta yamepanda kuliko mwanzo. Inaonekana vidonge havitoshi, nitaviongeza nguvu. Unameza kila siku, fundi?"

"Kila siku," baba alijibu, akitazama dari.

"Na mboga anakula, namwona kwa macho yangu," mama aliongeza.

Chiriku alimtazama baba. Baba alitikisa kichwa kidogo: usiseme.

"Hamezi," alisema. "Anavificha kwenye kopo la vifungo, anasema vinamuumiza miguu. Mimi ndiye niliyemwambia mboga zinatosha." Akaangua kilio.

"Baba Chiriku!" Mama alimgeukia mumewe.

Daktari alivuta kiti. "Fundi, mbona hukuniambia miguu inauma? Ningekupima, nikakupunguzia dawa au nikakubadilishia. Ukinificha, nakutibu nimefumba macho. Leo nilikuwa nakuongezea dawa usiyoimeza!" Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, binti, hukukosea kusifu mboga. Zinausaidia sana moyo. Ila kwa baba yako mboga na dawa vinafanya kazi pamoja, kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Mtu haachi dawa bila kumwuliza aliyempa."

Baba alilazwa, akabadilishiwa vidonge. Aliporudi nyumbani vidonge vipya havikuwa vinamuumiza miguu, ingawa bado alitembea taratibu, na mama alikuwa bado anamwangalia kwa jicho la mashaka.

Jioni hiyo mezani alimeza kidonge chake mbele ya wote. Halafu akaushika mkono wa Chiriku.

"Siku ile ulipofungua mdomo, nilikukasirikia," alisema. "Kumbe mimi ndiye niliyekubebesha mzigo wa mtu mzima. Nisamehe, mwanangu. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata kama aliyekuomba uitunze ni baba yako mzazi."

Mama alisogeza bakuli la mboga katikati ya meza, na wote watatu wakala.