Karatasi Aliyoificha Josée

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, Josée alishuka kutoka mtaa wa Mangobo, Kisangani, mpaka ukingo wa mto, mahali mitumbwi ya injini kutoka Yanonge inapofikia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alisimama karibu na wanawake wanaouza makemba, zile ndizi za kupika, akawatazama abiria wakishuka mmoja mmoja na kuku wao na magunia ya makaa. Alikuwa akimtafuta baba yake, papa kama alivyomwita.

Papa Hubert alikaa Yanonge, akinunua kwa wavuvi samaki na kuwakausha kwa moshi. Tangu Pasaka hakuwa amekuja nyumbani. Kila wiki Tonton Arthur, mwenye mtumbwi aliyekuwa mjomba wa watoto wote, alimpa Josée kikapu cha samaki pamoja na salamu zilezile.

"Papa anakusalimia. Anasema, bado kidogo."

"Bado kidogo ni lini, Tonton?"

"Eh, mutoto! Mimi naleta samaki, sileti kalenda."

Watu walicheka. Josée naye alicheka. Lakini njiani aliinamisha uso juu ya kikapu akanusa, kwa sababu harufu ya moshi ule ndiyo iliyokuwa harufu ya shati la papa yake.

Nyumbani, mama yake alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwaka uliopita alijifungua mtoto ambaye alikufa kabla hajapewa jina. Josée alitamani huyu azaliwe mzima, na papa awepo kumpokea. Hakutamani kitu kingine.

Jumatano moja ya likizo alimsindikiza mama kwenye kituo cha afya, siku ya kupimwa wajawazito. Alingoja nje kwenye benchi. Mama alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alishika karatasi iliyokunjwa.

"Jumamosi utampa Tonton Arthur, amfikishie papa yako."

"Si tumpigie simu tu, mama?"

"Simu ya jirani yake? Yule huweka sauti kubwa, soko lote linasikia. Peleka karatasi."

"Inasema nini?"

"Ni mambo ya wakubwa."

Jumamosi, akiwa njiani, Josée aliifungua. Juu kulikuwa na muhuri wa duara. Chini iliandikwa: Bwana Hubert Lofemba anaombwa kufika bila kukosa, pamoja na mke wake. Sababu haikutajwa.

Rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyeitwa Binti, alichungulia juu ya bega lake.

"Yo! Papa yako ameitwa polisi!"

"Ni ya kituo cha afya tu."

"Muhuri iko, ama haiko? Bon. Tonton yangu alipopata karatasi yenye muhuri, alivuka mto siku ileile. Mwaka mzima hatukumwona. Tuma, utaona."

Josée aliikunja karatasi, akaificha ndani ya nguo yake, na alipofika mtoni alimwambia Tonton Arthur, "Mama anasema papa aje tu." Jioni aliiweka katikati ya daftari lake la hesabu.

Wiki iliyofuata jibu lilikuwa bado kidogo. Wiki ya pili, vilevile.

Jumatano iliyofuata mama alirudi kutoka kituoni akichechemea kwa sababu ya sindano. Josée alikuwa akiponda makemba yaliyochemshwa ili yawe lituma. Mama aliketi kwenye kigoda, akasema polepole:

"Papa yako amekataa. Nimemtumia karatasi, hajibu hata neno moja. Sasa akija, atalala kwa ndugu yake. Mlango huu simfungulii."

Mchi ulisimama mkononi mwa Josée.

"Mama, hakukataa. Hakuipata. Niliificha mimi."

Alileta daftari. Alieleza yote, habari ya muhuri na maneno ya Binti, na machozi yakamtoka. "Niliogopa atakimbia. Nilitaka aje."

Alidhani mama atampiga. Mama alimvuta karibu.

"Mimi nilikosa pia. Nilikupa mzigo nikakuficha kilichomo. Sikiliza. Muuguzi alinitoboa kidole, damu ikaonyesha ugonjwa unaoitwa kaswende. Unapita kati ya mume na mke, na unaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimi nimetibiwa. Lakini papa yako asipopimwa na kutibiwa, nitaupata tena kwake."

"Ndio uliomchukua yule mtoto wetu?"

"Labda. Wakati ule sikwenda kupimwa."

Jumamosi Josée alifika mtoni kabla ya mtumbwi. Alimpa Tonton Arthur karatasi kwa mikono miwili.

"Mwambie niliichelewesha mimi. Mwambie haitoki polisi. Mwambie ni kwa ajili ya mtoto."

Safari hii Tonton Arthur hakutania. Aliifunga katika mfuko wa plastiki, akaitia kifuani.

Wiki moja baadaye, nyuma ya mwanamke mwenye mbuzi, alishuka Papa Hubert. Josée alikimbia ndani ya maji mpaka magotini.

Jumatano walikwenda kituoni wote watatu. Papa aliketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, mabega ameyakunja.

"Papa, mimba yako ya miezi mingapi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mwacheni! Mume wangu mimi ningemleta kwa kamba," mwingine akasema, na benchi lote likacheka, hata papa.

Damu yake ilionyesha ugonjwa uleule. Josée alisikia sauti yake dirishani: "Nani kati yetu aliuleta?"

"Papa Hubert," muuguzi Claudine akajibu, "sindano haiulizi hilo. Inauliza tu kama utarudi wiki ijayo, na ile nyingine."

Zilihitajika sindano tatu, kila wiki moja, na Papa Hubert alibaki Kisangani mpaka ya mwisho. Kwa Josée zilikuwa wiki fupi kuliko zote za mwaka ule.

Kisha alirudi Yanonge. Josée alianza tena kusimama mtoni kila Jumamosi. Lakini mwezi wa kumi na moja, siku nne kabla ya mama kushikwa na uchungu, papa alifika mwenyewe, bila kuitwa.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike. Muuguzi Claudine alimpima, akamchunguza tangu kichwa mpaka nyayo, akatabasamu. Habari ya karatasi iliyofichwa alikwisha kuisikia kwa mama.

"Ni mzima. Josée, karatasi yetu haimkamati mtu. Inamwita ili atibiwe yeye pamoja na watu wake. Ukipewa ujumbe, ufikishe; ukiuogopa, uliza. Nanyi wazazi, waelezeni watoto, maana mtoto asiyejua hujaza pengo mwenyewe kwa hofu yake. Na mume asiseme mimba ni ya mke peke yake. Wapimwe wote wawili, mapema."

"Tumesikia, Mama Claudine," papa alisema. Alimgeukia Josée, aliyesimama bado mlangoni. "Njoo. Kaa kwanza. Shika kichwa chake hivi."

Josée alikaa, akafungua mikono.