Misumari Mitano Mdomoni

Nawategea, nanyi mtegue: mgeni wangu haumi, hapigi hodi, wala haagi. Hamjui? Basi sikilizeni.

Mume wangu ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wetu, namwona dirishani. Akigonga soli, hushika misumari mitano kwa midomo. Huchomoa mmoja, akagonga, akachomoa mwingine. Hapo hajibu mtu. Lakini mimi ni mkewe. Najua siku nyingine misumari huingia mdomoni na kiatu hakuna.

"Baba, huo uvimbe chini ya sikio ni wa nini?" nilimuuliza.

Misumari mdomoni.

Ulianza kama harage. Miaka miwili baadaye ukawa kama yai la njiwa. Nilidhani ni jino, nikaukanda kwa kitambaa cha moto. Wapi.

Asubuhi moja muuguzi alileta viatu vilivyolika visigino. Akamtazama fundi chini ya sikio.

"Fundi, huu una muda gani?"

Mkono wa fundi ukaenda kwenye kopo la misumari. Nikalivuta kupitia dirishani. "Leo utajibu, bwana."

"Miaka miwili. Lakini hauumi, dada."

"Kutouma si kupona. Hapo pana tezi ya kutengeneza mate. Uvimbe mwingi wa hapo si saratani, ila kwa macho haujulikani. Ukapimwe. Na wewe mama, acha kuukanda."

Basi mgeni wetu ndiye huyo, uvimbe.

Hospitalini walimpiga picha, wakachukua chembe kwa sindano nyembamba. Haikuwa saratani. Hata hivyo daktari wa upasuaji alisema utolewe, maana ukiachwa hukua, na baadaye unaweza kugeuka saratani.

Mume wangu akauliza, "Midomo yangu itashika misumari?"

Daktari hakucheka. "Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya tezi hiyo. Nitautafuta kwanza, niulinde, ndipo nitoe uvimbe na sehemu ya tezi. Mdomo unaweza kulegea wiki kadhaa, hata miezi. Mara chache haurudi sawa. Lakini uvimbe ukizidi kukua, kazi ni ngumu zaidi."

"Na mate?"

"Tezi nyingine zipo. Utatema mpaka majirani wakusemee."

Fundi akanitazama. "Basi tusingoje ukue."

Alipasuliwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Kovu likajificha mbele ya sikio. Lakini pembe ya mdomo ililegea, misumari ikawa inamwangukia mapajani. Wiki sita hakuwa na pa kujificha. Nilimuuliza hata nani alivunja birika langu. Alikuwa yeye.

Kila siku alifanya mazoezi mbele ya kioo: kutabasamu, kufumba macho, kukunja midomo kama apigaye mluzi. Nami nikimfuatisha, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jana nilichungulia dirishani. Misumari mitano, imekaa sawa.

"Baba, utakuja kula saa ngapi?"

Ko, ko, ko.

Nilinyimwa jibu, nikarudi jikoni nikiimba.