Hakuna Mahari Kanazi

Siku ya gulio, soko la Benaco limefurika, Deodata alikuwa akikunja vitenge vyake aliposikia mteja akiuliza bei kwa sauti ya kukwaruza.

"Sauti hiyo umeiazima kwa chura?"

"Ni mafindofindo, dada. Yananisumbua tangu utotoni."

"Basi usiombe punguzo, utaumia."

Kijana huyo, Philbert wa Kanazi, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, alicheka huku ameshika shingo. Akamnunulia mama yake kitenge. Jioni akambebea Deodata mzigo bila kuombwa. Tangu hapo simu hazikukoma.

Miezi ikapita, mafindofindo yakazidi, madaktari wakayakata. Philbert akarudi nyumbani haongei, anaandika tu. Deodata alikuwa kwao Biharamulo. Akamtumia ujumbe: "Nije lini kukuona, mpenzi?"

Jibu likaja: "Usije kwanza. Hakuna mahari."

Deodata alizima simu. Walikuwa wameshapanga Philbert aende kwa wazazi wa Deodata kumposa. Kumbe ameghairi, akawaza, akalia jikoni peke yake.

Alipoiwasha tena, simu iliita papo hapo. Alikuwa Auleria, dada yake Philbert.

"Wifi, mbona hupatikani? Kaka anateseka. Koo linachoma, masikio yanauma, hamezi hata maji. Dawa hanywi mpaka maumivu yamshinde."

"Aliniambia hana mahari."

Auleria akacheka. "Mahali, wifi. Nyumba imejaa wageni, hakuna mahali pa kukulaza. Huyu hata mimi ananiandikia 'rete maji'."

Kesho yake Deodata akafika Kanazi, gauni lina vumbi la safari. Midomo ya Philbert ilikuwa imekauka.

"Nesi alisemaje?" akamuuliza Auleria.

"Mtu mzima akikatwa mafindofindo, maumivu humzidi kwanza, ndipo yapungue. Anywe dawa kwa saa zake, asingoje kuzidiwa. Na amezemeze, koo lisikauke."

Deodata hakumgombeza. Alimpa dawa, akasubiri ifanye kazi, akapoza uji mwepesi, akamnywesha kidogo kidogo huku akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. Auleria akawatoa wageni nje kimyakimya.

"Nitakuja kwenu," Philbert alinong'ona.

"Lini?"

"Nikiweza kumpa baba yako shikamoo, akaisikia."

Deodata alitabasamu, akainua kikombe.

"Basi meza, mume wangu."

Philbert akafumba macho, akameza.